Bastola Iliyoganda ya Hosea Pruitt

Delphia Pruitt alipoingia karakanani na kifurushi mkononi, Enos Tackett alijua kilichomo kabla hakijafunguliwa, akajuta kwa nini hakufunga mlango. Fundi bunduki katika Bonde la Tarkiln alikuwa yeye peke yake, na mjane yule hakuwa na pengine pa kwenda. Angekuwa napo, asingekanyaga hapa. Clell Tackett, mwana wa Enos, alizaliwa katika nyumba iliyo nyuma ya karakana ile, na hakuna mtu bondeni ambaye hakujua kwamba Clell aliuawa kwa sababu ya woga wa mume wa Delphia.

Ndivyo walivyosema, na watu wa vilima vya Ozark wakishalisema neno hawalirudishi mdomoni.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwezi wa Julai, Clell na Hosea Pruitt na Wash Gentry walikuwa wakiswaga nyumbu kwenda kuwauza mjini. Vita vya Kaskazini na Kusini vilikuwa vimekwisha, lakini walikuwako watu waliojifunza kula kwa bunduki wakati wa vita, na hawakuona sababu ya kujifunza upya kula kwa jembe. Watu wa namna hiyo waliwatokea kwenye kivuko cha kijito, penye miti mingi. Clell alikuwa na bunduki ya mitutu miwili. Alifyatua mtutu wa kwanza, akafyatua wa pili, akainama kushindilia baruti tena, kama mtu anavyofanya akijua kwamba mwenzake mwenye bastola anamlinda. Mwenzake huyo alikuwa Hosea. Wash, ambaye farasi wake alikuwa ameshavuka maji akiwa naye mgongoni, aliapa kwa Biblia kwamba alimwona Hosea ameshika bastola na hakuisikia ikilia hata mara moja. Risasi ilimpata Clell shingoni akiwa bado ameinama. Hosea alipigwa kifuani muda mfupi baadaye.

Hakuna aliyemuuliza Wash farasi wake alikuwa na haraka ya nini. Mtu akirudi hai peke yake, ushahidi wote ni wake.

Enos alikwenda mwenyewe kuchukua maiti ya mwanawe. Akamkuta Hosea amelala chali, bastola mkononi, na bila hata kuichukua alizitazama fataki, vile vikofia vidogo vya shaba vinavyowasha baruti. Zote tano zilikuwa mahali pake, hazijaguswa. Bastola ile ina vyumba sita vya risasi, lakini hakuna mwenye akili zake anayepanda farasi na vyumba sita vimejaa. Unajaza vitano, na kinyundo unakilaza juu ya kile kitupu, ili ukianguka usijipige paja mwenyewe. Basi zilizotiwa zilikuwa tano, na tano zilikuwapo. Enos hakutaka kuona zaidi. Aliitemea mate ile maiti, na waliokuwapo walitazama pembeni.

Makaburi ya bonde yalikuwa kwenye ardhi aliyoitoa baba yake Enos. Kwa hiyo Orpha, mke wake, aliposema kwamba mtu yule hatalala pamoja na mwanawe, hapakuwa na wa kubisha. Hosea alizikwa nje ya uzio, kwenye mteremko wanakopita ng'ombe. Delphia alisimama akaangalia udongo ukimwagwa, hakutoa chozi wala neno, na Orpha alilihesabu hilo pia kuwa kosa.

Sasa ilikuwa Oktoba, na mjane huyo alikuwa amesimama mbele ya jiliwa la kubania vyuma, mwembamba kuliko Enos alivyomkumbuka, akifungua shati la mumewe lililozungushwa kwenye bastola.

"Mzee Enos," alisema, "sikuja kuomba radhi wala kugombana. Kaka yangu Wiley anapeleka nyumbu sokoni Jumamosi, na silaha tuliyonayo ni hii. Imeganda. Haivutiki, haizunguki."

Enos akasema aiweke mezani aende zake. Hakwenda.

"Na ukishaifungua," akaendelea, "nataka uniambie kwa nini haikulia. Nimelala na yule mwanamume miaka tisa. Alikuwa mvivu, alikuwa mpenda maneno, mbwa wake alikuwa na nidhamu kumshinda. Ila mwoga hakuwa."

"Bastola ilikuwa nzima," Enos akamjibu. "Aprili niliifanyia kazi mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Nilitia vichuchu vya fataki vipya vyote sita. Nzima kabisa. Aliyekuwa mbovu ni aliyeishika."

Delphia alivuta sanduku tupu la misumari, akaketi. Enos aliona kwamba hamtoi pale ila kwa kumbeba, na akaamua basi na akae aone. Ukweli ni kwamba alitaka kuifungua. Alitaka kumwonyesha mwanamke yule, chuma baada ya chuma, kwamba hakuna kilichokuwa na kasoro, ili arudi kwake na aibu yake kamili wala asirudi tena.

Bastola ya baruti iliyoganda haishikwi kwa hasira, hata hivyo. Vyumba vitano vilikuwa bado vimejaa baruti na risasi tangu Julai. Wako watu waliokwisha kuiweka bastola ya namna hiyo juu ya makaa ili kutu iachie, na familia zao zikawazika wakiwa na sura ambazo ilibidi zifunikwe. Enos alianza na fataki. Alizibandua moja moja kwa ncha ya shaba, taratibu, uso ameupeleka pembeni, akazitupa kwenye kopo la maji. Kisha akaisimamisha bastola mtutu juu na kumimina mafuta ya taa kwenye midomo ya vyumba, mpaka baruti iliyokuwa ndani ikalowa na kufa. Hapo ndipo alipopumua sawasawa.

Kinachoushika mtutu wa bastola ile kwenye mwili wake ni kabari moja ya chuma, bapa, inayopita upande hadi upande. Ukiitoa, kila kitu kinakuja. Enos aliigonga kwa nyundo ya mti na kipande cha shaba. Haikutikisika. Akaitia tapentaini, akangoja, akageuza, akagonga upande wa pili ingawa alijua haitokei huko, akatukana kwa sauti ya chini, akaitia tapentaini tena. Delphia alimtazama mikono tu. Nje Orpha alikuwa akiita kuku, na wote wawili waliisikia sauti yake.

Kabari ilitoka mwishowe, shingo upande, ikiwa imevaa koti la kutu nyekundu. Enos akaigeuza kwenye mwanga. Kutu ile haikumpendeza. Haikuwa ile ya juu juu inayoletwa na ukungu wa asubuhi. Ilikuwa imekula chuma na kuacha mashimo.

Mtutu nao ulikataa mpaka ukakubali. Lakini silinda, lile pipa dogo la chuma lenye vyumba sita, lilikuwa limeshikana na mhimili wake kana kwamba vimefuliwa pamoja. Enos alichemsha maji kwenye birika, akaifunga bastola kwenye jiliwa juu ya ndoo, akaimwagia maji ya moto polepole ili chuma kitanuke, halafu tapentaini, halafu maji tena. Akaizungushia silinda kipande cha ngozi na kuikamata kwa mikono miwili. Alikuwa mzee, lakini mikono ya fundi huwa ya mwisho kuzeeka. Akaikaza, akaikaza, mishipa ya shingo ikamtoka. Ikalia mlio wa kuudhi, ikazunguka kidogo, ikagoma, ikazunguka tena. Ilipochomoka, kitu kidogo kilianguka mezani kikaviringika mpaka kwenye kopo.

Enos alikiokota. Kilikuwa ncha ya kile kidole cha chuma kilichomo ndani ya bastola, kidole kinachoisukuma silinda kila mtu anapovuta kinyundo nyuma, ili chumba kinachofuata kije mbele. Kilikuwa kimekatika. Kidole kile hakikatiki chenyewe. Kukikata kunataka mtu avute kinyundo kwa nguvu zake zote huku silinda imekataa kuzunguka.

Alikaa nacho kiganjani. Kisha akaichukua silinda na kuigeuza, akatazama upande wa nyuma, penye vichuchu sita vya kuvalia fataki. Vitano vilikuwa na kutu lakini umbo lake lilikuwa zuri, kama alivyovitia Aprili. Cha sita, cha kile chumba kitupu, kilikuwa kimepondeka. Mdomo wake ulikuwa umetandazwa kabisa, umekunjamana pembeni, umeingia ndani ya tundu lake hata ufunguo usingeweza kukishika. Julai hakuna aliyekitazama hicho. Kwani nani anatazama chumba kitupu? Tena kinyundo kilikuwa kimekilalia.

Enos Tackett alikaa kwenye kigoda chake.

Aliyaona yote, na angependa asiyaone. Clell anainama kushindilia. Hosea anavuta kinyundo. Silinda imeganda, haiji. Anavuta kwa mikono miwili, kidole cha ndani kinakatika, kinyundo sasa kinakuja bure. Anafyatua. Kinyundo kinagonga kile kile chumba kitupu. Anavuta tena, anafyatua tena. Chuma laini kama kile hakipondeki hivyo kwa pigo moja wala mawili. Mtu yule alisimama mbele ya bunduki za wezi akifyatua chumba kitupu mpaka walipomaliza na Clell wakamgeukia yeye, na hakukimbia. Wash ndiye aliyekimbia.

Akakumbuka kwamba walioiosha maiti ya Hosea walisema kidole gumba chake kilikuwa kimechanika nyama. Orpha alijibu kwamba labda alijikwaruza akijificha. Enos mwenyewe aliitikia kwa kichwa.

"Mzee Enos," Delphia akasema, "umeona nini?"

Akamwambia. Alimwonyesha kile kidole kilichokatika na kile kichuchu kilichopondeka, akamweleza kila kimoja kilikuwaje. Akasema kwamba mumewe alipigana. Akasema kwamba yeye, Enos, alimtemea mate mtu aliyekufa akimpigania mwanawe, na kwamba hajui mtu huombaje msamaha kwa jambo kama hilo.

Delphia alifunika uso kwa mikono, na yale machozi ambayo bonde zima lilimlaumu kwa kutoyatoa yakamtoka hapo, kwenye sanduku la misumari. Alipomaliza alifuta pua kwa aproni na kusema kwamba anataka Hosea aingizwe ndani ya uzio. Enos akamwahidi. Akasema atazungumza na Orpha siku hiyo hiyo. Kwa muda mfupi, palikuwa na kitu karakanani kilichofanana na faraja.

Ingekuwa vema wangeishia hapo. Lakini Enos alikuwa fundi, na fundi akiona chuma kimeganda anataka kujua kimegandishwa na nini. Kiangazi kile kilikuwa kikavu. Bastola aliyoiona Aprili iking'aa ndani iligandaje kufika Julai? Alichukua mhimili na kuukwangua kwa ukucha. Chini ya grisi nyeusi palikuwa na kitu cheupe cheupe, punje punje. Alikinusa. Kisha, bila kufikiri, akakigusa kwa ulimi.

Chumvi.

"Alikuwa akiipaka nini?" aliuliza, na alijitahidi kuuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua.

Delphia akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetoka kulia. "Yeye apake? Hosea? Hata viatu vyake nilipaka mimi." Akaeleza kwamba zamani walitumia shahamu ya kondoo, kama watu wote, ila wanajeshi walipopita waliwachukua kondoo wao wote, na hawakupata wengine; akiba ya shahamu iliwaishia Aprili. Kwa hiyo alichota kwenye kopo la jikoni, yale mafuta yanayobaki kikaangoni ukikaanga nyama ya nguruwe. Kila Jumapili baada ya ibada aliichukua bastola ya mumewe na kuipaka kila palipofikika, akaijaza grisi kwenye mhimili mpaka ikafurika, maana barabara zilikuwa mbaya na alikuwa na hofu. "Yule mbwa alikuwa akimfuata kiunoni akiramba ala ya bastola. Wash na wenzake walimcheka kila safari. Walimwambia mkeo kakufunga kifungua kinywa kiunoni." Akatabasamu kwa kumbukumbu hiyo. "Nilipoletewa baada ya mazishi niliipaka tena, nikaizungushia shati. Nilijiambia angalau chuma chake nikitunze."

Nyama ya nguruwe katika bonde lile huzikwa kwenye chumvi Desemba na kuliwa mpaka Desemba nyingine. Hakuna kikaango bondeni ambacho mafuta yake hayana chumvi ya kutosha kumaliza chuma chochote. Enos alijua hivyo kama anavyojua jina lake. Alidhani kila mtu anajua. Lakini ni nani angemfundisha Delphia? Bunduki ni mambo ya wanaume, na mumewe alikuwa mtu wa kuacha kila kitu kifanywe na mkewe.

Hasira ilimpanda Enos ghafla mpaka akaogopa mikono yake mwenyewe. Miezi yote hiyo alikuwa akimchukia maiti. Sasa aliyemuua Clell alikuwa ameketi mbele yake, macho mekundu, anafuta pua kwa aproni, na alikuwa ameua kwa kupenda. Angemchukia namna gani? Alijaribu na ikashindikana, na hilo lilimuumiza kuliko chuki yenyewe.

"Kwa nini unauliza?" Delphia akasema.

"Nauliza tu."

"Iligandishwa na nini, Mzee Enos?"

"Unyevu. Mvua, jasho la farasi. Chuma huganda, hivyo tu."

"Julai haikunyesha. Mahindi yetu yote yalikauka, na yenu."

"Basi ilikuwa bahati mbaya, Delphia. Si kosa la mtu."

Delphia alimwangalia, kisha akaonekana kulikubali. Enos aligeuka akashughulika. Alichonga kidole kipya kutoka kwenye kile cha bastola kuukuu, akakitoboa kile kichuchu kilichopondeka na kukitoa kwa kukigeuza na ncha ya mraba, akatia kingine, akasugua kutu kwa majivu na mafuta mpaka silinda ikazunguka kwa kidole kimoja. Jua lilikuwa limeshaondoka dirishani alipoirudisha kabari mahali pake. Wakati wote huo alikuwa akijisifu kimoyomoyo kwamba jambo limekwisha, kwamba atalibeba peke yake mpaka kaburini na Delphia atalala usingizi.

Delphia akaipokea bastola, akaivuta, akaisikiliza ikizunguka. Alishukuru. Kisha akasema: "Nitaijaza mafuta hasa safari hii. Asubuhi nimekaanga, kopo limejaa. Wiley hatapata shida."

Enos akaishika bastola ikiwa bado mikononi mwa Delphia.

"Usiipake hayo."

"Yapi?"

Alifungua kabati, akatoa kopo la shahamu ya kondoo, akamsukumia kifuani. Akamwambia atumie haya, haya peke yake, na yakiisha aje achukue mengine, bure.

"Haya yana tofauti gani na yangu?"

Baadaye Enos alipata majibu mengi ambayo angeweza kumpa. Ni mazito zaidi. Hayanuki. Mbwa hayapendi. Yalimjia kitandani, shambani, kanisani, kila siku mengine mapya. Lakini saa ile lilimtoka lile moja la kweli, na mpaka leo hajui kama lilimtoka kwa ajili ya Wiley aliyekuwa akienda barabarani Jumamosi, au kwa ajili ya Clell.

"Hayana chumvi," alisema.

Delphia alisimama na kopo mkono mmoja, bastola mkono wa pili. Alitazama meza, penye yale makwanguo meupe Enos aliyoyasahau kuyafuta. Akaweka vitu vyote chini. Akalowesha ncha ya kidole chake, akagusa makwanguo, akatia mdomoni. Alikuwa mpishi tangu utotoni. Hakuhitaji kuonja mara mbili.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

Enos akayafagia makwanguo kwa kiganja, amechelewa.

"Na Clell pia," Delphia akaendelea.

Enos alitaka kusema hapana. "Na Clell pia," alisema.

Akamwona akikubali, kidogo kidogo, na uso wake haukubadilika sana ila rangi. Aliuliza kama Bi Orpha yuko ndani. Enos akasimama mlangoni akamzuia. Akamwambia asimwambie chochote. Yeye atamweleza Orpha kwamba kutu iliila bastola, na kidole kikakatika, na hiyo inatosha kumwingiza Hosea ndani ya uzio. Kutu haina mwenyewe.

"Atakuuliza kutu imetoka wapi," Delphia akamwambia. "Na wewe uwongo huujui, Mzee Enos. Nimekujua kabla hujamaliza kusema unyevu. Sikutaka tu kujua." Akaichukua tena bastola. "Akigundua baadaye kwamba nilinyamaza, atamfukua Hosea. Nipishe."

Orpha alikuwa jikoni akikata matufaha ya kukausha. Hakuinuka. Delphia alibaki amesimama, bastola ameiweka juu ya maganda, na akasema yote kwa mpangilio, bila kujipunguzia: shahamu iliyokwisha, kopo la jikoni, kila Jumapili, chumvi, silinda, kidole, Hosea akifyatua chumba kitupu, Clell ameinama. Hakusema kwamba hakujua. Enos ndiye aliyelisema hilo, kutoka mlangoni, na Orpha akamwashiria kwa kisu anyamaze.

Orpha alimuuliza mumewe swali moja tu. "Bwana Tackett, ni kweli hayo?"

"Ni kweli."

Akachukua tufaha jingine, akaligawa, akaondoa mbegu. "Basi mwingizeni ndani," akasema. "Mlazeni karibu na Clell, mkono wa kushoto. Alimpigania." Kisha, macho yakiwa bado kwenye kisu: "Lakini wewe usivuke uzio ule, Delphia. Si kwa kumtembelea, si kwa kuweka ua. Na siku yako ikifika, usiletwe pale."

"Sawa, Bi Orpha," Delphia akasema. Alichukua bastola akatoka, na lile kopo la shahamu aliliacha mikononi mwa Enos, ikabidi amkimbilie nalo mpaka barabarani.

Wiley alikwenda na nyumbu wake, akauza, akarudi mzima. Wiki iliyofuata wanaume walikusanyika na majembe. Wash Gentry alikuwapo, akachimba kuliko wote wala hakumtazama mtu usoni. Walimtoa Hosea kwenye mteremko, wakaliinua jeneza juu ya uzio kwa sababu lango lilikuwa jembamba, wakamteremsha pale Orpha alipoonyesha. Mchungaji akasoma. Waliokuwa wamesema maneno yao Julai walisimama kofia mkononi na kuitikia amina kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Delphia alisikiliza ibada ya mumewe akiwa upande wa nje, ameshika nguzo ya uzio. Watu walipita karibu naye wakaingia na watu walipita karibu naye wakatoka. Wengine walimwamkia.

Walipomaliza ndani, wanaume walitoka na majembe kwenda kulifukia lile shimo lililobaki kwenye mteremko. Jembe la kwanza la udongo lilikuwa limeshainuliwa Delphia alipowafikia.

"Msilifukie," alisema.

Wash ndiye aliyekuwa na jembe hilo. Alimwambia, kwa upole, akitazama viatu vyake, kwamba ng'ombe wanapita pale, dada, watavunjika miguu.

"Nitalifunika kwa mbao. Liacheni lilivyo." Alikuwa akilitazama shimo kama mtu anayepima chumba. "Mwenyewe atakuja."

Wash aliushusha udongo pembeni. Enos aligeuka kumtazama Orpha ng'ambo ya uzio, akingoja. Neno moja lingetosha kumfungulia Delphia uzio. Orpha alikuwa amepiga magoti kwenye kaburi la mwanawe, akisawazisha udongo kwa viganja, na alikuwa amesikia, maana mikono yake ilisimama. Kisha ikaendelea. Basi wanaume wakabeba majembe yao wakaenda nyumbani kula.